Ufunguo Ulipokwenda Mnadani: Kisa cha Mgonjwa wa Nyumbani na Chupa ya Mofini

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Majina ya watu, ya kijiji na ya hospitali yameachwa, na baadhi ya mambo ya kifamilia yamefichwa kwa makusudi. Familia yenyewe iliridhia kiandikwe, ili wengine wanaojitolea kutembelea wagonjwa wajifunze kwa makosa yetu. Mimi ni mmoja wa hao wanaojitolea. Nilikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, sikusomea utabibu.

Timu na mgonjwa

Timu yetu iko chini ya kanisa. Ina muuguzi mmoja aliyesomea tiba shufaa, kina mama wawili wa kanisani, mwinjilisti na mimi. Daktari anayeandika dawa yuko hospitali, na muuguzi huzungumza naye kwa simu. Tunawatembelea watu ambao ugonjwa wao hauponi tena: saratani, moyo ulioshindwa, figo, kiharusi kikubwa. Tunasafiri kwa pikipiki mbili, wakati mwingine zaidi ya kilomita 30 za vumbi kwenda tu.

Watu wengi vijijini wakisikia tiba shufaa hudhani ni ya kumuaga mgonjwa anayekufa. Sisi huwaeleza kuwa kazi yake ni kumwondolea mtu maumivu na mateso mengine kwa siku zote alizobakiwa nazo, ziwe kumi au mia tatu. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's, hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona) jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini peke yake. Yamo pia moyoni, katika familia, mfukoni na katika imani yake. Tulikuwa tunalifahamu fundisho hilo vizuri. Nalitaja mapema kwa sababu katika kisa hiki lilitupoteza kidogo.

Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, mjane, mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa nyongani. Hospitali ya rufaa ilishauri apelekwe Dar es Salaam kwa mionzi. Familia iliuza ng'ombe wawili, akaenda, akarudi. Ugonjwa ulipoanza tena fedha zilikuwa zimekwisha, naye mwenyewe akasema hasafiri tena. Alikuwa akiishi na mwanawe wa kwanza, mke wa mwanawe huyo, na mjukuu wa kike wa darasa la sita, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mbali. Mwana ni mfanyabiashara wa mbuzi. Siku tatu kwa wiki huondoka alfajiri kwenda minada ya vijiji vya jirani, na mara nyingine hulala huko.

Ziara ya kwanza, mwisho wa Oktoba

Tulimkuta kwenye kitanda cha kamba, amejikunja upande wa kushoto. Alikuwa na maumivu ya kiuno yaliyoshuka hadi mguuni, uchafu wenye harufu kali, na usiku hakuwa akilala. Dawa alizokuwa akipewa zilikuwa panadoli na diklofenaki za duka la dawa.

Maumivu tunayapima kwa mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mbele ya mwanawe, bibi aliinua vidole vitatu.

Daktari aliandika mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, mililita 5 (yaani miligramu 5) kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha dozi maradufu saa 4 usiku ili alale bila kuamshwa. Kwa kuwa mofini hufunga choo, alipewa na vidonge vya bisakodili, vya kulainisha choo, vya kumeza kila usiku. Kwa harufu, muuguzi alisaga vidonge vya metronidazo kuwa unga na kuonyesha jinsi ya kuutumia kwenye pedi za kitambaa. Harufu ilipungua ndani ya siku chache. Katika mambo yote tuliyofanya mwanzoni, hilo moja lilikwenda sawa.

Muuguzi alimfundisha mwana, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Alisikiliza kwa makini, akarudia maelekezo yote bila kukosea. Tukamwambia dawa hii ni kali na inadhibitiwa kisheria, aiweke mahali pa kufungwa, mbali na watoto na wezi. Akatuonyesha sanduku la bati lenye kufuli. Tuliomba, tukaondoka tumeridhika. Kwenye fomu niliandika: "Familia imeelewa."

Ziara ya pili, siku ya saba

Mwana alikuwepo. Alisema dawa anapewa. Bibi alisema, "Afadhali kidogo, mwanangu," akainua vidole vitatu tena. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala, na alikuwa anaharisha. Tukajadiliana nje, chini ya mti. Tuliona maumivu yameizidi dozi, na kuhara tukakuhesabu kuwa ni ugonjwa uliosogea kwenye utumbo. Daktari akakubali kwa simu dozi ipande hadi mililita 7.5.

Siku ile tulifika kama saa 7 mchana na tukaondoka saa 9. Kulikuwa na salamu ndefu, uji wa uwele, habari za mvua, neno la Mungu, nyimbo mbili na maombi. Mwinjilisti aliomba vizuri, na bibi alilia kwa faraja. Hilo nalikumbuka kwa shukrani. Lakini katikati ya maombi saa 8 ilifika ikapita. Hakuna aliyeinuka kwenda kuleta dawa, si mwana, si mkewe, si sisi. Tulikuwa watu wanne wa tiba shufaa tuliokaa hatua tatu kutoka kwa mgonjwa, na dozi yake ikapita mbele ya macho yetu.

Ziara ya tatu, siku ya kumi na nne

Tulibadilisha siku kwa sababu pikipiki moja iliharibika, hivyo tukaangukia siku ya mnada. Mlangoni alitupokea mjukuu. Tukasalimiana kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatuingiza ndani bila maneno mengine.

Bibi alikuwa ameng'ata ncha ya kanga. Muuguzi alipomwomba aonyeshe maumivu, aliinua mkono wa kulia, vidole vyote vitano, kisha akainua na wa kushoto.

Muuguzi akaomba chupa. Mtoto akasema, "Iko sandukuni. Ufunguo anao mjomba, kaenda nao mnadani."

Akamuuliza siku nyingine za mnada huwa wanafanyaje. "Tunamsubiri." Na vidonge vya usiku? Vile hapewi? Mtoto akainuka, akaleta bahasha ya bisakodili iliyokuwa imechomekwa kwenye fito za paa. "Hivi nampa kila siku, sijaruka hata siku moja."

Hapo kila kitu kilijipanga. Dawa ya kulainisha choo haikufungiwa, kwa hiyo bibi aliimeza kila usiku kwa uaminifu wa mtoto yule. Dawa ya maumivu ilifungiwa, kwa hiyo ilimfikia kwa kubahatisha. Kuhara tulikodhani ni saratani kumbe kulikuwa kazi ya vidonge vyetu wenyewe.

Muuguzi alikuwa amebeba chupa mpya. Akampa bibi mililita 5 kutoka humo, tukakaa kimya. Baada ya kama dakika arobaini ile ncha ya kanga ilimtoka mdomoni. Alikuwa amelala.

Tulimsubiri mwana hadi saa 2 usiku. Sanduku lilipofunguliwa, chupa ilikuwa chini ya suti yake ya harusi na makaratasi ya ng'ombe. Muuguzi akaipima. Ilianza na mililita 500. Kwa dozi tulizoandika, wiki ya kwanza ilipaswa kutumia mililita 30 kwa siku na ya pili 45, kwa hiyo siku ile ilipaswa kuwa imekwisha. Ilikuwa na 310.

Mwana hakukasirika wala kujitetea. Alisema, "Mlisema ni dawa kali, ifungwe. Nami nikafunga." Kisha, baada ya kukaa kimya kidogo, akasema hata siku alizokuwepo nyumbani alikuwa akimpa nusu. "Niliona chupa ni moja. Nikajiuliza, ninyi mkichelewa itakuwaje?"

Anayeijua Dodoma atamwelewa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo kihenge lazima kifike Aprili hajifunzi kula kwa njaa ya leo. Hujifunza kupima nafaka kwa idadi ya miezi iliyobaki. Aliitunza mofini kama anavyotunza uwele, kwa upendo na kwa hofu. Kuna mtu yeyote aliyemwambia kwamba chupa ikiisha ipo nyingine? Nimelipitia jalada lote. Hakuna.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa la dozi. Tulikuwa tumekuja tukiwa na wazo la kuipandisha hadi mililita 10. Daktari aliposikia kiasi kilichobaki kwenye chupa alisema turudi 5, na itolewe kwa ukamilifu. Sababu ilikuwa wazi: mwili wa bibi haukuwa umeizoea hata ile ya mwanzo. Familia ingeanza ghafla kutoa mililita 10 kamili kila baada ya saa nne, maradufu usiku, angeweza kulewa usingizi au kupumua kwa shida. Jambo hili linanitisha hadi leo. Tulikuwa tunapandisha namba kwenye karatasi bila kujua ni namba gani inayoingia mdomoni.

Bisakodili ilisimamishwa hadi tumbo litulie, kisha ikarudishwa baada ya siku nne.

Uamuzi mgumu ulikuwa nani ashike dawa. Mimi nilitaka apewe mjukuu. Anasoma, anajua saa, analala chumba kimoja na bibi, na alikuwa amethibitisha kuwa hasahau. Muuguzi alikataa. Alisema mtoto wa umri ule hapewi mzigo wa kushika mofini, na kwamba siku bibi atakapofariki baada ya dozi ya mwisho, mtoto ataamini ni yeye aliyemuua. Niliona anakuza jambo. Nilikosea, na nimeeleza mwishoni kwa nini nasema hivyo.

Alibaki mkwe. Hakuwa amefundishwa lolote kwa sababu katika ziara mbili za mwanzo alikuwa jikoni, akitupikia uji. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama mkwe wake na kubadilisha zile pedi, kazi ambayo kwa heshima yao haikuwa rahisi kwa upande wowote. Hasomi. Muuguzi akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akazungushia uzi mwekundu kwenye mstari wa mililita 5. Mkwe akavuta maji mara sita mfululizo, na mara zote sita akagonga uzi.

Kuhusu ufunguo, hatukumnyang'anya mwana. Muuguzi alimwita pembeni, wakazungumza wawili tu. Walikubaliana chupa kubwa ikae sandukuni, yeye akiwa mlinzi wake, na kila baada ya siku mbili ajaze chupa ndogo ya mililita 60, ambayo ni siku mbili kamili. Chupa ndogo itakaa kwa mkwe, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, juu ya dari ambako mtoto mdogo hafiki. Akilala mnadani, dawa ya siku mbili ipo nyumbani. Na akapewa ahadi kwa maneno yaliyo wazi: chupa kubwa ikifika kwenye mstari huu, piga simu, tunaleta nyingine.

Saa tulizipanga kwa vitu vilivyopo. Saa 12 asubuhi mbuzi wanapotolewa, saa 4 kengele ya mapumziko ya shule inayosikika hadi pale, saa 8 watoto wanaporudi kula, saa 12 jioni mbuzi wanapoingia, saa 4 usiku simu ya mwana inapolia, na asipokuwepo, kabla mkwe hajalala.

Matokeo

Siku mbili za kwanza bibi alilala mno, familia ikaogopa. Muuguzi alikwenda kesho yake, akahesabu pumzi, zikawa sawa, akawaeleza kwamba mtu aliyekosa usingizi wiki nyingi analipa deni. Siku ya tatu aliamka akaomba mlenda.

Kwa wiki kama sita alikaa kati ya ngumi na vidole viwili. Alitolewa nje jioni, akakaa kwenye mkeka akichambua mbegu za kupanda. Alimwita dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana tangu mambo ya shamba, wakakaa pamoja siku nzima. Alionyesha atakapozikwa. Alimuuliza muuguzi kama ugonjwa wake utampata mjukuu, na muuguzi akamweleza kwamba saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, hairithiwi kama sura, na kwamba tangu 2018 chanjo yake inatolewa kwa wasichana nchi nzima. Bibi akamtuma mkwe zahanati kesho yake kuulizia.

Mwisho haukuwa mzuri kama wiki hizo. Mwanzoni mwa Januari alishindwa kumeza. Mvua zilikuwa zimenyesha, korongo limejaa, hatukuweza kuvuka kwa siku mbili. Mtandao wa simu pale unapatikana kwenye mbuyu mmoja ulio juu ya kilima, na usiku ule mjukuu ndiye aliyekimbia hadi mbuyuni kupiga simu. Muuguzi alimwelekeza jinsi ya kudondosha dawa kidogo kidogo ndani ya shavu, mtoto akakimbia kurudi kumwambia mkwe. Bibi alifariki alfajiri, mkono wake ukiwa mapajani mwa mkwe.

Baada ya maziko mwana alikuja mwenyewe hospitali na chupa kubwa. Ilikuwa na mililita 120. Zilipimwa, zikasainiwa na kuteketezwa kwa utaratibu.

Tulipokosea

Agizo la kufungia dawa halikuwa baya, na tunaendelea kulitoa. Kosa letu lilikuwa kuishia kwenye kufuli bila kuuliza ufunguo unalala wapi. Tulimfundisha anayetupokea badala ya anayemlisha mgonjwa. Nadhani timu nyingi za kanisa zina udhaifu huu, kwa sababu tunaingia nyumbani kama wageni, na mgeni huongea na mwenye nyumba. Heshima hiyo ni njema na sipendekezi iachwe. Lakini baada ya kumsalimu baba mwenye nyumba, mtu mmoja wa timu anaweza kwenda kukaa jikoni. Huko ndiko tungepata habari zote siku ya kwanza.

Kosa la pili ni kuamini vidole vitatu. Bibi hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya wageni. Alipotuona bila yeye, alituonyesha kumi. Sasa tunamuuliza mgonjwa akiwa peke yake, na tunapima chupa kabla ya kupima maumivu. Muuguzi hapandishi dozi yoyote bila kutaja kwa daktari mililita zilizobaki.

La tatu linanigusa zaidi. Tulilipenda fundisho la maumivu ya roho na ya familia kiasi kwamba, tulipouona uso wa bibi siku ya saba, mwinjilisti nami tuliamini ana jambo moyoni. Alikuwa nalo, ndiyo, lile la dada yake. Ila mtu anayeungua nyonga hawezi kuzungumzia shamba. Lilitoka lenyewe dozi ziliposhika. Siku hizi mwinjilisti wetu huuliza kwanza, "Dawa ya saa hii imeshatolewa?" Ndipo hufungua Biblia.

Na la mwisho wa uhai: tulijua tangu Novemba kwamba siku moja atashindwa kumeza, na tulijua korongo hujaa. Mafunzo ya kudondosha dawa shavuni yangefanyika mchana, kwa utulivu, wiki nne kabla. Badala yake yalifanyika kwa simu, usiku, kupitia miguu ya mtoto.

Kilichosaidia

Mwana kuachiwa ulinzi wa chupa kubwa kulituliza kila kitu. Nina hakika tungemvunjia heshima, dawa ingerudi sandukuni siku tulipogeuka. Uzi mwekundu umetumika kwa wagonjwa wengine wanne tangu hapo. Na muuguzi kukaa hadi usiku siku ile, jambo ambalo ratiba yetu haikuliruhusu, ndiko kulikoifungua chupa.

Mtoto

Mjukuu alikosa mtihani wa kufunga mwaka, akaruhusiwa kuendelea baada ya mjomba wake kwenda kuzungumza na mwalimu. Kwenye fomu yetu sasa kuna mstari unaouliza nani analala chumba kimoja na mgonjwa.

Tulipokwenda kuwapa pole wiki ya tatu baada ya maziko, alitusindikiza hadi kwenye pikipiki. Akamuuliza muuguzi, "Ningevunja lile kufuli, bibi asingeumia, eti?" Muuguzi alikaa naye kwenye gogo kwa muda mrefu, akamweleza kwamba kosa lilikuwa letu, akamsimulia habari ya chupa tangu siku ya kwanza, hatua kwa hatua. Mtoto alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi tena mwezi Machi. Akauliza swali lile lile.